Aliyeshika Ngazi

Siku ya nne baada ya Mrefu kuungua, Meneja alimwita Pua ofisini na kumwambia akae. Kwa miaka kumi na tisa Pua alikuwa akiingia ofisi ile, anasimama kando ya mlango kofia mkononi, anasema lake na kutoka. Alipoambiwa akae alijua mambo yameharibika. Kiti chenyewe kilikuwa cha kitambaa na ovaroli yake ilikuwa na mafuta, basi akakalia ukingo tu, kama mtu anayesubiri kuinuliwa.

Kiwanda kilikuwa cha mafuta ya kupikia, yale ya mgando. Mafuta yanakuja majimaji, yanachanganywa na gesi ya hidrojeni ndani ya pipa kubwa la chuma, na yakitoka yakapoa yanaganda, yanafungwa kwenye makopo. Anayekaanga nyumbani kwake hana habari na hidrojeni, wala hana haja. Mwenye haja ni anayefanya nayo kazi. Haina rangi, haina harufu, na ikishika moto mchana, moto wenyewe hauonekani. Unaweza kuingia ndani yake ukidhani unapita hewani. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mrefu. Alinyoosha mikono kufunga koki, na mikono ikaanza kuungua kabla hajaona kinachoiunguza.

Kazi ya Pua ilikuwa kuzuia jambo kama hilo. Juu darini katika jengo la hidrojeni kulikuwa na vitambuzi vinane, vidude vya chuma ukubwa wa kikombe cha chai, vimeinamisha vichwa chini, kila kimoja na taa yake ya kijani. Gesi ikivuja hupanda juu, kitambuzi kinainusa, taa inageuka nyekundu na king'ora kinalia mpaka getini. Kwa vile vilining'inia namna ile, wafanyakazi waliviita popo. Na mtunzaji wao wakamwita Pua, maana ndiye aliyenusa kwa niaba ya kiwanda kizima. Jina lile lilimpendeza. Hata barua za shule za watoto wake aliwahi kuzitia sahihi ya Pua kwa kusahau.

Siku ya Mrefu popo wote wanane walinyamaza. Taa zilikuwa kijani kabla, kijani wakati mtu anapiga kelele, na kijani alipokwisha kubebwa.

Mezani kwa Meneja, juu ya gazeti, kulikuwa na popo mmoja amefunguliwa tumbo. Kando yake alikaa fundi kijana aliyetumwa na watu waliouza vitambuzi hivyo. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio uliomtisha Pua zaidi. Alisema ndani ya kila kitambuzi kuna kitu kidogo kama punje ya mtama, na hiyo punje ndiyo inayonusa. Punje za vitambuzi vyote vinane zilikuwa zimefunikwa na mafuta ya dawa ya kung'arishia, ile ya kupulizia ndani ya magari. Dawa ile ikigusa punje inaiua. Ni kama mafua, alisema, ila mafua haya hayaponi.

"Lakini taa zilikuwa zinawaka," Pua alisema.

"Taa inasema umeme upo, mzee. Haisemi kama kinanusa. Ndiyo sababu kuna kupima."

Meneja alifungua kitabu cha kupimia na kukigeuza kimwelekee Pua. Kila asubuhi vitambuzi vinatakiwa kupuliziwa gesi kidogo kutoka kwenye mtungi mdogo wa kupimia, vilie, kisha aliyepima aweke alama ya vema na sahihi. Vema zilikuwepo. Zilishuka ukurasa mzima kwa mwandiko wa Pua, safi, bila hata pengo la Jumapili.

Pua alieleza. Mtungi wa kupimia ulikwisha miezi minne iliyopita. Aliandika barua tatu kuomba mwingine, akampa Msimamizi. Msimamizi akamwambia aendelee kujaza kitabu, kwani wakaguzi hawapendi mapengo na mtungi uko njiani. Akaendelea kujaza. Msimamizi mwenyewe alikuwepo ofisini, amesimama dirishani akitazama nje kama anahesabu malori.

Meneja akauliza barua zile ziko wapi. Pua akamtazama Msimamizi. Msimamizi akasema hakumbuki barua.

Fundi kijana alikunja gazeti lake pamoja na popo wake, akaaga. Alikuwa amemaliza la kwake. Mlango ulipofungwa Meneja aliegemea meza.

"Mzee, mimi sitaki kukuzika. Hiki kitabu kikitoka humu kikafika polisi, wewe umekwisha. Lakini kuna aliyepaka ile dawa. Yule mtu wa usafi. Yeye ni wa wakala, si wetu. Akiondoka, anaondoka kimya kimya, hakuna polisi wala kesi, na kitabu kinabaki kabatini kwangu."

"Yule ni mke wangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia ukae."

Akamsogezea karatasi iliyopigwa chapa. Alitakiwa aiandike upya kwa mkono wake mwenyewe, neno kwa neno, na kuirudisha kesho saa nne. Chumba wanamoishi ni cha kiwanda, Meneja alimkumbusha, na kinafuata kazi ya Pua, si ya mkewe. Akiondoka mke, chumba kinabaki. Akiondoka Pua, watoto watalala wapi?

Aliuliza kwa sauti ya mtu anayewahurumia watoto kwelikweli. Labda aliwahurumia.

*

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa nyuma ya kiwanda, mistari minne ya vyumba vilivyoshikana, ukuta mmoja kwa wawili. Ukuta wa Pua ulikuwa pia wa Mrefu. Mtu akikohoa huku, kule wanaitikia pole.

Mke wa Mrefu alikuwa akianika mashuka mlangoni. Tangu ajali alikuwa akienda hospitali asubuhi na kurudi mchana kufua, kisha anarudi tena. Pua alimsalimu. Aliitikia, akabana nguo ya mwisho kwenye kamba, ndipo akasema, bila kugeuka, kwamba mumewe amezinduka vizuri leo na ameongea.

"Amesema nini, shemeji?"

"Ameuliza popo walisema nini."

Pua alisema bado wanachunguza. Mke wa Mrefu alitikisa kichwa taratibu, akachukua beseni na kuingia ndani.

Huyo Mrefu ndiye aliyekuwa mtu wa utani kuliko wote. Zamani, kabla ya vitambuzi kuletwa, mtu akiingia jengo la hidrojeni alishika ufagio wa njiti na kuunyoosha mbele yake anapotembea. Njiti zikishika moto hewani, anajua moto upo, anarudi nyuma. Walipofunga popo, fagio zikatupwa stoo, na Mrefu akamcheka Pua kwamba sasa amepandishwa cheo kutoka kufagia hewa. Kila asubuhi akipita chini ya taa za kijani alipiga saluti. "Wazee hawajambo?" aliwauliza popo, kisha akamgeukia Pua: "Hawajambo. Twende kazini."

*

Mke wa Pua alikuwa ndani akipakua chakula kwenye sufuria ndogo ya kupeleka kwa jirani. Alifanya hivyo tangu siku ya kwanza. Wafanyakazi walimwita Mama Usafi, naye hakuona ubaya. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mikono, asiyeweza kuona doa akaliacha. Hata akienda msibani hukifuta kiti kabla ya kukaa, na kile cha pembeni yake pia.

Pua alimwomba aweke sufuria chini. Akamweleza yote, kuanzia punje ya mtama. Aliieleza vibaya, akirudi nyuma na kuanza upya, akitarajia atafika mahali ambapo habari itageuka yenyewe iwe nyingine. Haikugeuka. Wiki mbili kabla ya ajali wakaguzi walitangaza kuja, Msimamizi akaagiza kila kitu king'ae. Dereva wa Meneja alikuwa na nusu chupa ya dawa ya dashibodi, akampa Mama Usafi. Alipaka vishikio vya milango, akapaka vibao vya onyo, na chupa ikawa bado ina kitu.

Alipomaliza kusikiliza alikaa kitandani.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemuunguza."

"Si wewe. Ni ule mtungi wa kupimia. Ungekuwepo ningejua siku ileile popo wamekufa."

"Ungekuwepo. Haukuwepo, na ukaandika umepima." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anapanga mambo kwenye mstari, kama anavyopanga vyombo. "Siku nne nampelekea yule mwanamke chakula. Ananiambia Mungu akuzidishie. Nami naitikia."

Pua akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa amekwisha kuinakili, kwenye benchi la karakana, kabla hajaja nyumbani. Alijiambia anaandika tu ili aone mwandiko utakaaje. Miwani ya mkewe ilivunjika tangu mwaka jana, hivyo akalazimika kumsomea mwenyewe. Alisoma akifuata mistari kwa kidole.

"Mimi, mtunza vitambuzi, ninathibitisha ya kuwa mfanyakazi wa usafi alipaka dawa isiyoruhusiwa kwenye vitambuzi vyote vinane, na kwamba kitendo hicho ndicho kilichosababisha..."

"Rudia hapo."

"Wapi?"

"Kidole kimeruka. Macho yangu mabovu lakini kidole nakiona. Umesema vinane, kisha kidole kikaenda mbali, ndipo ukasema 'na kwamba'."

Pua akarudisha kidole.

"Akiwa peke yake, bila kuagizwa na mtu yeyote."

Upande wa pili wa ukuta beseni liliburutwa sakafuni.

"Dari ile ina urefu gani, baba?"

"Mama..."

"Nakuuliza. Mimi ni mfupi, unanijua. Ngazi nani alishika?"

Alishika yeye. Aliishika kwa mikono yote miwili, na mguu mmoja ameukanyagia chini isiteleze, huku akimwelekeza: bado yule wa kona, mama, yule wa kona ana vumbi. Siku ile walicheka. Alimwambia akianguka amwangukie yeye, asiangukie pipa, pipa lina thamani. Naye akajibu huko juu kwamba hao popo sasa wanapendeza kuliko mwenye nyumba. Wakaguzi walipopita, mmoja wao aliinua kichwa akatazama taa, akasema hapa kuna watu wanaopenda kazi yao. Pua alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebeba nyama.

"Nilishika mimi," alisema.

"Basi liandike hilo. Dawa nilipaka, wasilifute. Lakini sikuwa peke yangu."

"Wamesema neno kwa neno. Nikiongeza langu, kitabu kinakwenda polisi, mimi nakwenda nacho, na ninyi mnatoka humu ndani. Mtakwenda wapi?"

Mkewe alitazama chumba. Palikuwa na kitanda, pazia linalogawa upande wa watoto, meza na jiko, na kila kitu kilikuwa kimefutwa. Angelia, Pua angejua la kufanya. Alinyanyuka, akafunika sufuria ndogo.

"Basi peleka," alisema. "Lakini usinisomee tena."

Akatoka na sufuria. Pua alisikia kupitia ukutani akibisha kwa jirani, akakaribishwa, kisha sauti yake peke yake ikiongea, chini chini, kwa muda. Maneno hakuyapata. Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu na hakusema alichokisema. Kesho yake alfajiri walikuta sufuria ile kizingitini. Ilikuwa imeoshwa, imefudikizwa, na chakula chote kimo ndani ya mfuko kando yake.

*

Saa nne kasorobo Pua alikuwa mlangoni kwa Meneja. Alikuwa amejipanga. Njia nzima alikuwa akilisema sentensi moja: kwamba yuko tayari kutia sahihi ila aongezewe mstari mmoja, kwamba ngazi alishika yeye. Hakuomba habari ya mtungi wala barua. Ngazi tu.

Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza, kwa mshangao wa kweli, mstari huo unamsaidia nani.

Pua alitafuta jibu. Haukumsaidia mkewe, ambaye ataondoka vilevile. Haukuwasaidia watoto. Mrefu mikono yake haitapona kwa mstari. Alisimama pale, safari hii hakuambiwa akae, na kila alichokiwaza kilionekana cha kijinga kukisema mbele ya meza ile.

"Ni kweli tu," alisema mwishoni.

"Mzee, kitabu chako kina kweli ngapi?"

Pua alitoa karatasi, akaiweka mezani. Msimamizi akaichukua, akaihakiki na ile ya chapa, kidole huku na kidole kule. Akasema kuna nukta imesahaulika. Pua akaitia ile nukta.

Wakala hawakupoteza muda. Saa sita Pua alikuwa kwenye mlango wa jengo la hidrojeni, na kutoka pale geti linaonekana lote. Mkewe alisimama kwenye kibanda cha mlinzi akirudisha vitu vya kazi. Aproni. Glavu. Kitambulisho. Mlinzi, mtu waliyezoeana naye na aliyekuwa akimtania kila siku, alikuwa na orodha, na kwa aibu aliisoma bila kuinua macho. Kisha akaonyesha chini. Buti nazo zilikuwa za kazi.

Alikuwa ametoka nyumbani amezivaa. Hakuna aliyemwambia alete viatu.

Aliinama, akafungua kamba moja moja. Alizivua, akazigonganisha nje ya kibanda ziangushe udongo, akatoa kitambaa kiunoni na kuzifuta, kwanza ya kushoto, kisha ya kulia, ndipo akazikabidhi. Mlinzi akazipokea kwa mikono miwili. Mama Usafi akaondoka peku, akipita kando ya barabara kwenye kivuli cha ukuta, kwani lami ya saa sita ilikuwa inaunguza. Malori mawili yalimpigia honi asogee.

Pua angeweza kukimbia akampa viatu vyake. Aliliwaza hilo baadaye, mara nyingi, akiwa amelala na akiwa anakula. Pale alipokuwa alisimama tu, na Msimamizi akaita toka ndani kwamba mlango ufungwe, vumbi linaingia.

*

Wiki tatu zikapita. Vitambuzi vipya vilikuwa njiani, kama mtungi ulivyokuwa njiani. Uzalishaji haukuweza kusubiri, maana wateja walikuwa wameanza kulalamika. Msimamizi akabandika tangazo: mpaka vifaa vitakapofika, kila anayeingia jengo la hidrojeni aingie na ufagio, kwa utaratibu wa zamani. Stoo wakatafuta zile fagio za zamani wakakuta zimeliwa na mchwa. Tangazo likaongezewa kwa kalamu kwamba kila mtu atoke na wa kwake nyumbani.

Mrefu alikuwa bado hospitali. Mkewe na Mama Usafi walipishana kisimani asubuhi, kila mmoja na ndoo yake. Wakikutana mmoja alisimama kando mwingine apite, kama watu wasiojuana wanavyoheshimiana.

Nyumbani Pua na mkewe waliongea. Waliongea chumvi imekwisha, mtoto ana kikohozi, mvua inakuja. Usiku walilala wakitazama upande mmoja, kwani kitanda kilikuwa kidogo.

Asubuhi ya tangazo alimwambia mkewe anahitaji ufagio. Alijua upo mmoja tu, nyuma ya mlango, na kwamba mkewe huutumia mara tatu kwa siku. Alisema atauazima tu, ataurudisha jioni.

Mkewe aliuchukua, akaupima kwa macho kutoka shina mpaka ncha. Akasema ni mfupi. Akatoka uani, akarudi na mti wa dekio la zamani, akaufungia ufagio kwenye ncha ya mti kwa waya, akizungusha na kukaza, akizungusha na kukaza, mpaka haukutikisika. Kisha akampa.

"Ushike kwa mwisho kabisa," alisema. "Mrefu alikuwa na mikono mirefu na bado haikumtosha."

Mkewe alikuwa amekwisha kugeuka, anakusanya kwa mikono takataka ambazo angezifagia.

Pua alipita geti, ufagio begani, na mlinzi hakumtania. Jengo la hidrojeni lilikuwa limefunguliwa madirisha yote, jua linaingia, hakuna kitu cha kuonekana humo. Juu darini popo walining'inia saba, pengo moja la yule aliyekwenda na fundi. Walikuwa bado wanang'aa. Taa zao zilikuwa za kijani, zote saba, na hakuna aliyefikiria kuzizima.

Pua alisimama kizingitini. Ufagio huu ulihitaji mikono miwili, kama ngazi. Akaunyoosha mbele yake, mbali kadiri alivyoweza, akaanza kutembea polepole kuelekea kwenye pipa, macho kwenye ncha za njiti.